Majina ya Kwenda Ilagala

Jumatano, 11 Juni

Mbalamwezi, dagaa hawafuati taa. Mitumbwi imelala ufukweni Kibirizi, hakuna dagaa wabichi. Tumeshinda tukishona nyavu za vichanja vya kuanikia na kufagia. Saa nane wenye ndoa wakaruhusiwa. "Wakapike," anasema msimamizi wetu, Bwana Haruna. Tusio na waume, mimi na wasichana wawili, tukabaki kufunga magunia mpaka saa kumi na moja. Utafikiri sisi hatuli.

Nina miaka arobaini na minane na bado naitwa Dada Skola. Sioni aibu. Mungu hakunipa mume, kanipa mama. Nimemkuta pale pale nilipomwacha asubuhi. Nimemgeuza, nimemwosha, tumesali rozari. Tangu apate kiharusi anasema Kiha tu, na kila tukimaliza fungu moja ananiuliza kama naondoka tena.

Ijumaa, 13 Juni

Giza linaanza wiki ijayo. Mitumbwi itarudi ziwani na kampuni itapeleka watu kambi ya Ilagala. Wiki tatu, kuanika na kulala huko huko. Mara nne mfululizo nimekwenda mimi. Mwenye mume hapelekwi. Wanasema ndiyo kanuni, ila sijaiona imeandikwa popote. Mara ya mwisho nilimwachia jirani mama yangu. Nikarudi nikamkuta na kidonda mgongoni, kidole kinaingia. Nikienda tena nitakuja kumzika. Najua.

Leo nimeona kitu. Anayeandika majina ni Mama Zuhura, kwa ajili ya mwandiko wake mzuri. Rafiki yangu wa miaka sita, tunakula sahani moja. Nilipopita dirisha la ofisi akafunga daftari haraka. La nini kulifunga? Neno hili naliandika hapa kwa sababu sina pa kulisema: nadhani ndiye anayeniuza.

Jumamosi, 14 Juni

Nilichukua ungo wa Mama Zuhura niliouazima, nikashuka bila kumpa habari, mpaka kwake Ujiji. Kisingizio tu. Nilitaka kumtazama usoni.

Hakuwepo, ameenda bombani. Nguo ziko kambani, zinachuruzika. Magauni, kanga, shuka. Na lile shati la bluu la mumewe. Kila anayepita pale Jumamosi analijua. Nikalisogeza nipite. Kavu. Kavu kabisa, kando ya shuka linalotona maji. Kola haina hata dalili ya jasho. Nikaangalia kamba yote. Hakuna suruali. Mwanaume gani anafuliwa shati tu? Mlangoni ndara za kike, jozi moja. Binti yake, Zuhura mwenyewe, yuko shule ya bweni.

Akatokea na ndoo kichwani, akakuta mkono wangu uko kwenye kola. Hata karibu hakusema. Nikamuuliza, "Shemeji hajambo?" Hajambo, yuko safarini. Akatua ndoo, nusu ya maji yakamwagika. Niliacha ungo nikaondoka.

Kumbe hana mume. Mara zote nne nimekwenda Ilagala kwa ajili ya shati.

Jumapili, 15 Juni

Misa ya kwanza. Sikupokea komunyo. Siwezi kufungua kinywa nipokee na maneno yale yamo humo humo. Nimeshayapanga. Kesho namwambia Bwana Haruna. Sentensi moja inatosha.

Hasira tu.

Jumatatu, 16 Juni

Niliwahi ofisini kabla ya wenzangu. Nikaanza na habari ya mama. Kiharusi, kidonda, yote. Bwana Haruna akacheka kidogo.

"Dada Skola, mama si mume. Wenzio wakikaa kambini wiki tatu ndoa zinavunjika. Wewe utavunjikiwa na nini?"

Sentensi ilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Nikageuka. Mama Zuhura amesimama mlangoni na daftari kifuani, amesikia. Nikaiona tena ile ndoo ya Jumamosi, maji yakimwagika. Nikasema tu, "Haya, bosi," nikatoka.

Si wema. Nilishindwa. Nimelia chooni kama mtoto.

Jumanne, 17 Juni

Niandike kabla sijasahau ilivyokuwa.

Majina yalisomwa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha dagaa, mbele ya wote, lori limeshawashwa. Msomaji Mama Zuhura. La kwanza langu. Alilisoma, akachomoa kalamu kwenye kilemba, akalikata. Bwana Haruna akauliza vipi tena.

"Nakwenda mimi."

"Na mumeo?"

"Mume wangu ni shati, bosi. Mwenyewe alivuka kwenda Kongo, huu mwaka wa tatu. Nalianika ili wanaume wasinigongee mlango. Na ili wewe usinipeleke Ilagala."

Mama mmoja wa vichanjani akaangua kicheko: "Basi una bahati, mwenzangu! La kwako halilewi!" Wakacheka wote. Bwana Haruna anatazama viatu vyake. Mmoja wa wale wasichana wawili akapaza sauti: na sisi tusio na shati? Bosi akajibu eti kuhusu zamu, tutaangalia. Hiyo tutaangalia naijua. Simwamini.

Kabla hajapanda lori Mama Zuhura alinivuta pembeni. Ni kweli, alikuwa anaanza na jina langu. Aliogopa orodha isipojaa wataanza kuwachunguza wenye ndoa. "Nilikuandika wewe kwa sababu hulalamiki, dada yangu." Hilo limeniuma kuliko Ilagala yenyewe. Akanishikisha mfuko wa nailoni, akapanda.

Jumapili, 22 Juni

Nimepokea komunyo. Sijamaliza kumsamehe, lakini nimeanza. Padri anasema inahesabika.

Asubuhi kulikuwa na baridi, upepo wa ziwani. Nimemtoa mama juani. Kidonda kinafunga. Nimemvalisha shati la bluu la kwenye ule mfuko, mikono inamfunika mpaka vidole. Ameuliza la nani. Nikamwambia la rafiki yangu, yuko Ilagala, atarudi mwezi ukijaa.

Giza lijalo sijui. Orodha nitaiangalia mwenyewe.

Tumesali rozari yote, mafungu matano. Hakuniuliza kama naondoka.