Karibu Yangu Haipati

Mshauri mpendwa, nipokee na mzigo wangu, mimi ni fundi cherehani katika mji mdogo ambao ukipiga chafya huku unaombewa afya kule, na tangu ahamie bwana mmoja tunayemwita Mtanashati watu wanapukutika, kwanza mwoka mikate, kisha mwalimu wa hesabu, wote aliwatembelea jioni, wote tumewazika wakiwa na matundu mawili shingoni, na zahanati inasema ni upungufu wa damu, sawa, lakini hiyo damu imekwenda wapi? Alipokuja kushonesha koti nilimpima mbele ya kioo, nikajiona peke yangu napima hewa! Dukani aliingia kwa sababu mlangoni niliandika maneno KARIBUNI WATEJA, nimeshayafuta, maana nimegundua havuki kizingiti mpaka aambiwe karibu, na sisi mtu akipiga hodi tunajibu karibu hata kabla ya kuinua kichwa. Sasa jua likizama anabisha kwangu, mimi kimya, na mama mkwe, ambaye masikio yake mazito ndiyo yametuokoa, ameambiwa na majirani kwamba naacha mgeni nje, anasema nimemwaibisha, kesho atakaa mlangoni amkaribishe mwenyewe, na mume wangu anasema, "Mridhishe mama, si neno moja tu?" Naogopa, na nina hasira. Nifanye nini?

Fundi Asiye na Adabu

Fundi, pole sana. Hilo jina ulilojipa lifute kama ulivyofuta maandishi ya dukani. Ila wewe nawe! Unajua kinachoua watu, halafu unanyamaza kwa kuogopa midomo ya majirani?

Mumeo mwambie neno moja tu ndilo lililomzika mwoka mikate. Tumefundishwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu akija, mwenyeji anachimbiwa kaburi. Hana haki ya adabu yako.

Mama mkwe usigombane naye. Beba kile kioo, kiweke mkabala na mlango, umkalishe kando yake na andazi mdomoni, asiwahi kusema karibu. Mtanashati akibisha, fungua bila kutamka kitu. Mama amtazame mlangoni, kisha atazame kwenye kioo. Masikio ni mazito, macho je? Baada ya hapo pita nyumba kwa nyumba, wafundishe watu kujibu hodi kwa "Nani?" na wasiongeze neno. Watakucheka. Bora wacheke wakiwa hai.

Mimi nimeshaanza. Ninapoandika haya kuna mtu mlangoni pa ofisi anapiga hodi, kwa adabu kabisa. Nimemuuliza nani, hajibu, anabisha tena. Abishe mpaka jua limkute hapo hapo.