Buti za Kazi Zisizotakiwa Kuona Simiti

Jumamosi jioni. Baridi imeshuka kutoka vilimani, lakini mimi kifua bado kinanichemka.

Nimerudi kutoka mjini Machakos na buti mpya. Ningepaswa kufurahi. Sijafurahi.

Kazi yangu ni ya mjengo, huko Syokimau. Mimi ni mmoja wa akina mama wanaokoroga simiti. Buti zangu za kwanza nilizinunua na waranti ya mwaka mzima, na hazijamaliza hata msimu mmoja wa mvua. Wiki hii soli ya kulia ilibanduka, simiti mbichi ikaingia, nami nikaendelea na kazi bila kujua. Nilipovua, ngozi ya mguu ilikuwa imeunguzwa na simiti. Msimamizi akaniambia nisirudi bila buti nzima.

Leo nikazirudisha dukani. Mwenye duka, mtu wa sauti ya upole, akazigeuzageuza, akakwaruza simiti kwa ukucha.

"Mwaitu, umezitumia vibaya," akasema. "Waranti haihusu simiti."

Ameniita mama kwa Kikamba, kwa heshima zote, huku akininyima haki yangu.

Nikamuuliza hizo ni buti za nini. Za kazi, akasema. Kazi gani? Alinielekeza kwa fundi wa viatu karibu na soko, nikashonewe kwa pesa zangu.

Nami nikazichukua, nikaanza kutoka. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba nilikuwa naenda zangu kimya.

Karibu na mlango, baba mmoja wa kutoka Masii, mchimba visima, alikuwa akijaribu buti kama zangu. Akaniuliza kama ni imara. Nikaketi kwenye kiti cha wateja, nikavua soksi, nikamwonyesha mguu.

Aliutazama. Akavua ile buti, akairudisha kwenye rafu. Mama aliyekuwa nyuma yake naye akaziweka chini buti alizokuwa ameshika.

Hapo ndipo mwenye duka alipokumbuka kuwa stoo kuna jozi ya saizi yangu. Akaileta mwenyewe, akasema watu wote wasikie: "Nakusaidia tu, mwaitu. Sema basi asante."

Sikusema. Nilifunga kamba, nikatoka.

Njia nzima nimejiuliza kama nimekosa adabu. Kwetu tulilelewa kushukuru hata kwa kikombe cha maji. Lakini nishukuru nini, kupewa kilicho changu?

Kidonda kikikauka kidogo, Jumatatu narudi kazini. Na hizi nazo zikibanduka, sitangoja kufika mlangoni. Nitaketi pale pale katikati ya duka.