Wananichunguza kwa Sababu ya Jina la Shangazi

Mpendwa Dada Nabalayo,

Naanza na jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata Valarie ninayeketi naye darasani: kuna wakati, tukiwa kwenye mtihani au hata tukiimba tu gwarideni, moyo wangu huanza kupiga kama nimefukuzwa na mbwa, vidole vinakufa ganzi, pumzi inakataa kuingia, na mimi huomba ruhusa ya kwenda choo nikajifungie huko mpaka ipite, kisha nanawa uso na kurudi nikitabasamu ili mtu asiulize.

Niko kidato cha tatu hapa Subukia. Mimi ni binti wa tatu kwetu, na kwa desturi yetu sisi Wakikuyu, baada ya nyanya wote wawili kupata wa majina yao, ilikuwa zamu ya dada mkubwa wa baba, kwa hivyo nikapewa jina lake, na sitaliandika hapa. Huyo shangazi nasikia aliugua akili akiwa shuleni, sasa anaishi mbali, huko Kamere, na kwetu ukimtaja mazungumzo yanageukia ng'ombe. Cucu, yaani mama ya baba, haniiti mjukuu, huniita binti yangu, kwa sababu mimi ndiye bintiye aliyerudi. Zamani nilipenda. Siku hizi nikishika kitabu ananitazama mikono aone kama inatetemeka, na nikinyamaza anasema, "Hata yule alianza na vitabu." Dada zangu wakinyamaza wanaambiwa wamechoka.

Juzi nilikuwa nyuma ya jikoni nikikusanya kuni, nikamsikia cucu akimwambia mama, "Huyu ameanza. Mtoe shule kabla majirani hawajajua," na mama hakukataa, alisema tu, "Wacha tumalize muhula." Tangu hapo simwamini mama. Uji wangu anaupakua akiwa amenipa mgongo, na siku moja niliona kichupa cha mafuta ya maombi kikirudi ndani ya leso yake, kwa hivyo siku hizi uji nampa mbwa, na mbwa naye namchunguza, ingawa bado hajabadilika.

Nikisema ukweli nitatolewa shule na kufichwa. Nikinyamaza naogopa labda ni kweli ugonjwa huja na jina. Nisaidie, lakini tafadhali usipige simu, ya nyumbani hushikwa na mama.

Msichana wa Subukia

Dada Nabalayo anajibu:

Mdogo wangu, kwanza kunywa uji. Kama kichupa kinakusumbua, uliza ni cha nini. Tumbo tupu halijamsaidia mtu ambaye moyo unamwenda mbio, na huyo mbwa ananenepa bure.

Sasa fikiri kama msomaji ulivyo. Shangazi ni dada ya baba yako. Dada zako wawili ni damu ya baba yuyo huyo. Kama kuna kitu kinachopita katika ukoo, nao wamo. Mbona hakuna anayewatazama mikono? Kwa sababu kwenu wanachunguza jina, na jina halina damu. Ulipewa ili shangazi yako akumbukwe, nanyi mmelifanya mtego. Nasema "nanyi" makusudi. Wao wanakushuku, wewe unawashuku, na kila mmoja anaona ushahidi anaoutafuta. Mikono ya nani haitatetemeka ikitazamwa kila siku?

Unayoyaeleza yanafanana na hofu inayopanda ghafla. Inatisha, inatibika, na si wendawazimu. Lakini mimi si daktari, na cucu pia si daktari. Mwache anayejua akupime.

Mama yako simtetei kwa kutokataa. Hata hivyo, aliambiwa akutoe shule na hakukutoa. Aliomba muda. Anayeomba muda mara nyingi anaogopa tu, hajaamua.

Mtafute akiwa peke yake. Mwambie yote, kuanzia moyo mpaka choo. Muulize shangazi alitibiwa wapi. Kisha mwende kituo cha afya, mseme wazi mnataka kuonwa kuhusu hofu. Akikataa, nenda kwa mwalimu wa ushauri nasaha, naye aje kwenu. Valarie ajue pia, usiwe chooni peke yako. Ukipata wazo lolote la kujidhuru, mwambie mtu mzima siku hiyo hiyo. Na shule usitoke.

Msichana ameandika tena:

Nilingoja cucu apeleke maziwa, nikamwambia mama tukipukuchua mahindi. Hakuinua uso. Nilipouliza shangazi alitibiwa wapi, alisema hakupelekwa popote. Alitolewa shule, akawa anafungiwa chumbani wageni wakija, mpaka akaondoka mwenyewe. Kisha akaniuliza kama walimu wanajua. Nikafikiri sasa anatafuta njia ya kunificha. Akasimama, akajikung'uta makapi, akaenda kuvaa viatu vya kanisani.

Kwenye kituo cha afya karani aliuliza jina. Mama aliniwahi kwa sauti ya chini, "Becky Mbugua." Becky ni la ubatizo na Mbugua ni la baba. Nilijua kwa nini ameruka la katikati, maana kwenye benchi nyuma yetu aliketi jirani tunayesali naye. Nikamwambia karani kuna jina lingine, aliandike. Mama alinifinya mkono, halafu akaacha.

Tuliketi. Kuhusu kichupa nilimuuliza hapo, akasema alikuwa anajipaka yeye, kifuani, kabla ya kuniamsha. Sijui kama ni kweli.

Mlango ulipofunguliwa, daktari aliita kwa sauti kubwa, "Wariara." Jirani aligeuka kututazama. Niliinuka nikaingia, na mama akanifuata.