Ncha ya Kijiko

Tarehe 4 Machi

Kwa baba yangu mpendwa,

Shikamoo baba. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shangazi, na hiyo oveni yenu inayokohoa kuliko nyinyi wawili. Mimi sijambo. Kazi ya kufua mashuka ya hoteli inanimaliza mikono, lakini mchumba wangu anasema kidole cha pete bado kinafaa.

Nakuandikia kwa sababu simu haikufai tena. Mashine ya kuchanganyia unga imekuziba masikio, kila ninachosema unajibu "haya, haya" hata kama nimekuuliza swali.

Kipande cha majaribio cha keki ya harusi kilifika salama na basi. Nisikufiche, baba: ni laini, kimeiva vizuri, lakini wewe sikukuona ndani yake. Shangazi ndiye aliyeonja, sivyo? Sukari imezidi mpaka meno yamelia. Ulimi wake hauna breki. Keki zako nimezila tangu sijaota meno, huwezi kunidanganya. Siku ile nataka watu wale keki ya baba yangu. Fanya unavyojua.

Mwanao


Tarehe 15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima, na oveni inakusalimu kwa kikohozi chake. Shangazi yako nimemsomea barua, amenuna tangu asubuhi.

Unajua daktari wa kliniki alinikataza kuonja tangu kisukari kilipogundulika. Nimejipanga. Nakula nikashiba kabla sijaingia jikoni. Chai naitia tangawizi tu. Na mdomoni nina kijiti cha mdalasini kutwa nzima, mpaka wateja wananipongeza kwa kuacha sigara ambayo sijawahi kuvuta.

Siku nyingi nashinda. Shida ni vichwa vya keki. Keki ikiiva huumuka katikati, lazima niukate ule mgongo ili ikae bapa, na vile vipande hubaki mezani vya motomoto, vinanukia siagi. Shangazi yako huvisukumia kwenye ndoo mbio kabla sijameza mate.

Ila yako ni habari nyingine. Nitaonja kwa ncha ya kijiko, kisha nitatema. Usimwambie shangazi yako.

Baba yako


Tarehe 2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Hamjambo huko? Hapo sasa! Kipande cha pili nimekila nimefumba macho, nikakuona umesimama na aproni yako yenye doa la kahawa. Nikamlisha mchumba wangu, akanyamaza, na unajua yule si mtu wa kunyamaza.

Ulionja ukatema, sivyo? Nilitaka kukuuliza zaidi, kisha nikaona bora nisiulize. Najisikia vibaya kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyo. Sukari yako ikoje siku hizi? Safari hii hukunieleza. Oka hiyo hiyo, baba, usibadilishe kitu.

Mwanao


Tarehe 19 Mei

Baba,

Shikamoo. Sijui nikuulizie vipi hali yako, maana sasa naijua.

Siku ya harusi mlisema una homa, huwezi kuja. Nikakasirika kidogo, nikasema mtu gani anapata homa siku anamwoza binti yake, kisha shangazi akafungua boksi la keki nikasahau yote. Ilikuwa bora hata kuliko kile kipande cha pili. Nililia kisu kikiwa mkononi. Nikawatangazia wageni wote, "Baba yangu yumo humu." Shangazi alikuwa anatazama sakafu. Nilidhani amechoka na safari.

Jana nilimbana kwenye simu mpaka akasema. Vidole viwili vya mguu vimekatwa, baba! Na mimi nacheza muziki!

Ni mimi. Mimi ndiye niliyekuagiza uonje, nikajua unaonja, nikafumba macho kwa sababu ilikuwa tamu. Ile keki imenikaa kooni tangu jana, mume wangu ananibembeleza nile chakula, siwezi. Niandikie. Nitukane ukitaka, lakini niandikie.

Mwanao


Tarehe 1 Juni

Mwanangu,

Marahaba, mwanangu, marahaba. Barua yako nimeisoma mara moja, ya pili nikashindwa. Mimi naendelea vizuri, kidonda kinafunga. Nyamaza kulia nikueleze.

Kile kipande cha pili nilikionja kwa ncha ya kijiko, kama nilivyoahidi. Sikutema. Kesho yake nikaonja krimu. Siku iliyofuata nikamtuma shangazi yako sokoni akanunue mayai, na mayai yalikuwepo, nikabaki na vile vichwa vya keki. Nilivila vyote nimesimama, kwa mikono miwili, jicho mlangoni kama mwizi. Moyoni nasema namwokea mwanangu. Uongo mtupu. Wewe hukunituma kula vichwa vya keki. Nilikuwa natafuta mtu wa kunipa ruhusa, ukatokea wewe.

Kisha trei ya moto ikaniangukia mguuni, na sikuhisi, kisukari kilishautia ganzi. Shangazi yako ndiye aliyeona soksi imeungua. Ningekwenda kliniki siku ile ile, vidole vingepona. Lakini wangenipima sukari, wangeniuliza nimekula nini, nikaona haya. Nikafunga kitambaa, nikavaa kiatu, nikasema nimejikwaa tu. Niliendelea hivyo mpaka harufu ikaniumbua. Vidole vimekwenda na aibu yangu.

Na kuna jambo shangazi yako hakukwambia. Ile keki uliyoililia sikuionja mimi. Nilikuwa wodini. Alikuwa analeta krimu kwenye bakuli, anaonja mbele yangu, mimi namtazama usoni. Akilamba midomo namwambia sukari imezidi, rudi. Alikwenda na kurudi akinilaani, mpaka alipoonja akanyamaza, hata kulamba midomo akasahau. Nikamwambia basi, hiyo ndiyo ya mwanangu.

Kumbe iliwezekana tangu mwanzo. Hilo linaniuma kuliko mguu.

Sasa nimerudi jikoni, nimekaa kwenye stuli, mguu juu ya ndoo ya unga. Hivi ninavyoandika shangazi yako anakata mgongo wa keki ya mteja, na harufu imejaa chumba kizima. Nimemwambia avitoe nje vile vichwa, haraka, na nimemwambia kwa nini: bado navitaka. Sijawahi kumwambia mtu hivyo. Amevibeba akatoka bila kunicheka.

Kula chakula, mwanangu.

Baba yako