Mizinga Imenyamaza

Kwako dadangu Nekesa, na kwa kelele zote za nyumba yako, salamu kutoka Makindu.

Jua limerudi kana kwamba hakukuwa na mafuriko. Mimi bado natafuta kwa nini nyuki walihama. Ukame ulikausha migunga, halafu mvua ikaja kwa hasira na kuangusha maua machache yaliyobaki.

Mwenyeji wangu, Baba Mutua, hupanda mtini kila asubuhi, anagonga mzinga wake wa gogo na kubandika sikio. Jana, kabla hatujala muthokoi, alimwomba Mungu amsamehe ile miti aliyokata kuchoma makaa. Nikamwambia kosa si lake peke yake. Moshi wa viwanda na magari ya nchi za mbali umeipasha dunia joto, na bila huo moshi mvua ile isingekuwa kali hivyo. Hilo sisi watafiti tumeshalipima. Kama ndiyo iliyofukuza nyuki, hapo bado nachunguza.

Akaweka kijiko chini. "Na hao wa mbali," akauliza, "wao wanatubu?"

Leo asubuhi nimepanda naye, nikabandika sikio langu pia. Hakuna kitu, Nekesa. Ni kama chumba ninamolala.

Ukipata kadi hii nipigie simu, lakini usiongee. Iweke tu mezani watoto wakigombania chapati, nisikilize.

Wako anayekukumbuka sana,
Nafula