Picha Iliyotangulia Harusi

Keko, 4 Agosti 1953

Dada Kokushubila,

Shikamoo. Uliponiandikia kwamba macho ya Mama yanazidi kufifia, niliogopa. Harusi yangu ni Oktoba, naye hawezi safari ya kutoka Bukoba; nikataka amwone mchumba wangu kwa picha angali anaona. Wapiga picha wawili walikataa kumpiga picha Demetria akiwa na shela kabla ya siku ya kanisa. Wa tatu, Bwana Mehboob, alicheka: "Karani, unafunga ndoa na kamera kwanza?" Kisha akakubali, akaikuza picha ikawa kubwa kama daftari. Shangazi wa Demetria amenuna, anasema ni mkosi. Mimi sijuti.

Mpeleke Mama mlangoni penye mwanga, umpe picha mkononi. Ukimwona anaipapasa kwa vidole, usinifiche.

Mdogo wako,
Projestus