Mlete na Mama

Njagi uko? Nimetoka dispensari saa hii.

Wamenidunga kidole, tone moja tu la damu kwa kile kipimo kipya cha minyoo ya bilhazia. Dakika ishirini, mistari miwili, yaani niko nayo. Mama mmoja kwa laini akapiga kelele, "Mbaka, hongera, uko na mimba!" Watu wakavunjika mbavu. Hata mimi nikacheka. Ati mimba!

Halafu nesi, msichana mgeni hapa, akaniambia, "Mzee, mlete na mama apimwe. Si mnachota maji bwawa moja?"

Mlete na mama. Njagi, mlete na mama!!

Nikamwambia huyo mama, bibi yangu Ruguru, tulimzika mwezi wa tatu, tumbo ikiwa imefura, na ni hapo hapo walikuwa wanampa dawa ya vidonda vya tumbo. Nikamuuliza hii kitu ya kupima ilikuja lini.

Akaangalia chini. "Iko stoo tangu mwaka jana. Ilikuwa inangoja wakubwa waje kuizindua."

Kuizindua! Walikuwa wanangoja hema na viti, na Ruguru anapita nje ya hiyo stoo kila wiki akishika tumbo.

Nimepewa vidonge. Viko hapa mfukoni. Nimeze nipone, nikae na nani?